Pikipiki za Kirusi: Rahisi kwa Nani?

Ndugu Wanachama,

Wako wenzetu wanaotamani pikipiki kuukuu za Kirusi zenye kigari ubavuni, kwani bei yake ni ndogo kuliko ya gari. Sifa zinazo. Asili yake ni M-72, pikipiki ya jeshi ya mwaka 1941, iliyoigwa BMW R71 ya Ujerumani. Nguvu zake ni za farasi 22. Haina mnyororo wa kukatika, ila shafti. Kigari huchukua magunia, na fundi mwenye spana chache huweza kuifungua.

Lakini tutazame na upande wa pili. Kigari kimefungwa kulia, maana Warusi hupita kulia. Sisi hupita kushoto, basi kigari huelekea magari yanayokuja. Tena kikiwa kitupu, ukikata kona ya kulia kwa kasi, gurudumu lake huinuka. Na injini ya zamani yataka valvu kurekebishwa na mafuta kubadilishwa kila mara, na vipuri huagizwa mbali.

Karafuu mbichi hazingoji vipuri. Zikilala guniani njiani huvunda zikawa mpeta, na bei ikaanguka. Hapo ile rahisi imekwisha kula mavuno.

Rai yangu ni hii: atakaye kununua aulize kwanza, kigari chaweza kuhamishiwa kushoto? Vipuri vitatoka wapi? Fundi ni nani? Asipojibiwa yote matatu, fedha zake na azifunge kibindoni.

Wenu,
Katibu