Kochi la Mahari Halioshwi kwa Kubahatisha



Mfungo Mosi ukiingia simu yangu haitulii. Mabinti wanaoolewa na mama zao wanauliza jambo moja: kochi limeshika vumbi na madoa, wageni wanakuja, tuwaite wale vijana wa mashine? Jibu langu huwaudhi wengine. Kama kochi limevishwa poliesta ya kawaida, waiteni. Kama ni mahameli ya kung'aa, hariri, sufu, au kitambaa chenye nakshi za dhahabu, ni afadhali wageni walikute na vumbi lake. Vumbi lina dawa. Rangi ikishachuja haina.

Mimi niko Ugalla, upande wa Nsimbo huku Katavi, mbali na bahari yenu. Nashona mapazia na makava, na navisha makochi upya. Mvua zikikata, vumbi jekundu la huku linaingia hata kwenye kabati lililofungwa, kwa hiyo kazi ya kuosha makochi imeshamiri. Baadaye makochi hayohayo yanaletwa kwangu niyavue. Mwenye kochi anaona juu tu. Mimi nikishang'oa kitambaa naona pini za stepla zimeshika kutu, gunia la chini limeota ukungu, sponji inamong'onyoka. Maji yaliyobaki ndani yanapanda taratibu kuja juu yakiwa yamebeba uchafu na kutu, na wiki moja baada ya harusi doa la kahawia linatokea pale palipokuwa safi. Watu wanasema watoto wamemwaga chai. Si chai.

Siwakatai waoshaji wote. Wapo wanaojua kazi, na utawatambua kwa kuwa wanauliza maswali kabla ya kutaja bei. Ninaowaogopa ni wale wanaoleta video ya ndoo ya maji meusi kama ushahidi. Maji meusi yanaweza kuwa uchafu, na yanaweza kuwa rangi ya kochi lako inaondoka. Kwenye video huwezi kutofautisha.

Sasa tuseme habari ya vitambaa, maana hatari yote iko hapo. Mahameli, hiyo watu wanayoiita velveti, si kitu kimoja. Ipo ya poliesta na ipo ya reyoni, na dukani zote zinang'aa. Reyoni ikilowa inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, wakati mwingine karibu nusu. Kijana akiisugua kwa burashi ikiwa mbichi, manyoya yake yanalala au yanang'oka, na hayasimami tena hata uyabembeleze. Hata tone la maji safi likikauka juu yake linaacha alama ya duara. Ya poliesta inastahimili maji, lakini mvuke mkali sana unailaza manyoya moja kwa moja.

Hariri na sufu zina adui mwingine, nao ni jiki. Dawa hiyo haing'arishi hariri, inaila. Kwanza inakuwa ya njano, halafu nyuzi zinalegea na kukatika. Sabuni kali za unga nazo haziziachi salama. Na hina, dada zangu, hina inashika hariri na sufu kama inavyoshika nywele na kucha. Ikishakauka, atakayekuahidi kuitoa yote anakuuzia maneno. Usiku wa hina tandikeni khanga nzito juu ya kochi, basi.

Utajuaje kitambaa chako? Makochi yaliyotoka nje ya nchi mara nyingi yana kibandiko chini ya mto wa kukalia, chenye herufi. W ni kwamba kinakubali dawa za maji. S ni kwamba maji hayafai, kinataka dawa kavu ya madukani. WS ni vyote viwili. X ni kwamba usiguse kwa maji wala kwa dawa, nyonya vumbi tu. Mengi yaliyotengenezwa na mafundi wetu, yawe ya Keko Dar es Salaam au ya karakana za Mpanda mjini, hayana kibandiko hicho. Hapo chomoa nyuzi mbili chini ya kochi, moja ya manyoya na moja ya mgongo wa kitambaa, uzichome kwa kiberiti juu ya sahani ya bati. Inayonuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika ni hariri au sufu. Inayonuka karatasi ni pamba, kitani au reyoni. Inayoyeyuka na kuacha kidonge kigumu ni poliesta au ndugu zake. Kitambaa cha mchanganyiko kinaweza kukuchanganya na wewe pia, kwa hiyo ukiwa na shaka kihesabu kuwa kile kilicho dhaifu zaidi.

Kisha fanyeni jaribio. Atumie dawa ileile atakayotumia, mahali pasipoonekana, agandamize kitambaa cheupe kwa dakika chache aone kama rangi inahamia, na mwache pakauke kabisa, hata kama ni mpaka kesho yake. Mwoshaji anayesema hana muda huo hana muda wa kochi lako.

Kuna hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini huku juu kukavu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka huo uliolowa juu watu wauone, na Mtume akamtenga mwenye kughushi na umma wake. Mimi nikikuta kochi limerudishwa kavu juu na sponji imelowa, naikumbuka hadithi hiyo. Kitu kilicholowa kinaweza kuanza kuota ukungu ndani ya saa 24 hadi 48. Huku kwetu kiangazi kinatusaidia, jua na upepo mkavu vinakausha upesi. Nyinyi visiwani hewa yenyewe ina unyevu, na wakati wa masika kochi nene linaweza kukaa siku kadhaa halijakauka ndani. Tena maji ya visima vya Unguja yanatoka kwenye mawe ya chokaa, mnayajua kwa ule ukoko wa birika. Ukoko huohuo unabaki kwenye mahameli. Kwa hiyo malipo yote yasitolewe mpaka utie mkono katikati ya mto na chini yake.

Tohara nayo. Wengi wanaita mashine kwa sababu mtoto amekojoa, na wanadhani kochi zima limekuwa najisi. Halijawa. Yule bedui aliyekojoa msikitini, Mtume aliamuru ndoo ya maji imwagwe pale alipokojoa, msikiti mzima haukuoshwa. Kausha mkojo kwa taulo, mwagia maji safi mahali pale, vuta tena kwa taulo. Mtoto wa kiume ambaye bado ananyonya tu hajaanza kula, katika madhehebu yetu ya Shafi kunyunyizia maji kunatosha. Lakini hapohapo ndipo kwenye mtego: kwa Mashafi najisi haitoki kwa dawa kavu, inatoka kwa maji. Kochi lenye alama ya S au X, mkojo ukiingia, usalama wa kitambaa unataka hivi na tohara inataka vile. Najisi iliyokauka haihamii kwenye nguo kavu, kwa hiyo unaweza kuweka kava na kuishi, na ya zaidi umuulize sheikh wako. Ila bi harusi anayetarajia watoto, inshallah, kwa nini anunue kitambaa ambacho hakiwezi kutahirishwa? Naona hatari kubwa inaanzia dukani, siku tunapochagua kwa macho. Pamba nzito au poliesta iliyoshonewa makava yenye zipu haina umaridadi wa hariri, nakubali. Inavuliwa, inafuliwa, mnaswali juu ya mto wake bila wasiwasi.

Siku hizi wapo mabinti wanaotaja seti ya makochi katika mahari yao. Kama ndivyo, kochi ni mali ya mke, si ya mume, si ya mawifi. Nina mteja mmoja ambaye wifi zake walimfanyia hisani, wakaleta mwoshaji siku mbili kabla ya walima bila kumuuliza. Makochi ya rangi ya maziwa, nakshi za dhahabu. Dhahabu ikachuja yote. Mwoshaji alisema kitambaa kilikuwa kibovu, wifi walisema walitaka kusaidia, na yeye alikaa mbele ya wageni juu ya shuka. Hakuna aliyelipa chochote, kwa sababu hakuna aliyekubaliana chochote. Hisani ni kitu chema, lakini mali ya mtu huombwa idhini. Kabla kijana hajawasha mashine pigeni picha kochi pande zote, andikianeni hata kwa ujumbe wa simu ni dawa gani atatumia na kikiharibika analipa nani na kiasi gani. Akikataa kuandika, mpe chai, muage.

Yule mteja nilipotaka kumvishia upya, kitambaa kilekile hatukukipata Mpanda wala Tabora. Tulilazimika kuvua seti nzima ya viti saba kwa ajili ya viwili vilivyoharibika. Ndiyo maana ukinunua kochi jipya mwambie fundi akukatie nusu mita ya ziada ya kitambaa kilekile. Wateja wangu nawafungia kwenye mfuko pamoja na risiti, na jaribio la mwoshaji lianzie kwenye kipande hicho.