Bangi Ukurasa wa Mbele, Sera Pembeni
Nauza magazeti Kongowea, na mwaka 2022 niliona jinsi George Wajackoyah, mgombea urais wa Kenya, alivyovuta macho. Kila alipotaja bangi au sumu ya nyoka, picha yake ilipanda ukurasa wa mbele, vijana wakajazana mezani kwangu kusoma vichwa vya habari bila kununua. Lakini mtu huyo alipendekeza pia wiki ya kazi ya siku nne na mji mkuu uhamie Isiolo. Nani alimbana aeleze gharama? Naye David Mwaure, wakili aliyekuwa kwenye karatasi ileile ya kura, wateja wangu wengi hata sura hawakuitambua.

Kisha ukaja mdahalo wa wagombea urais wa Julai 26. Walio chini ya asilimia 5 katika kura za maoni walitengewa awamu yao. Sasa mwananchi atamtajaje kwenye kura ya maoni mtu asiyemsikia redioni? Wajackoyah alisusia. Agosti akapata kura 61,969, Mwaure 31,987. Hakuna kati yao aliyefikisha asilimia moja.

Wahariri, nawasihi: mgombea asiye na jina muulizeni maswali magumu yaleyale mnayowauliza vigogo, na majibu yake yachapeni juu, tuyasome kabla ya kupiga kura.