Heshima ya Kushusha Chuma

Kaskazini-magharibi ya kisiwa kikuu cha Mafia kipo kisiwa kidogo cha mchanga kiitwacho Shungimbili, ambacho serikali imekitenga kuwa hifadhi ya bahari na ambacho wageni wenye ukwasi hukikodi kizima kwa mapumziko yao. Na mtu akaaye karibu na maji haya, akitazama vyombo vya wavuvi vipitavyo kwenda na kurudi Kilindoni, hupata kila siku somo juu ya mwili wa mwanadamu ambalo vijana wetu wa majimu hawajafundishwa na mtu. Katika chombo, barobaro huvuta jarife, hutweka tanga, hufua maji ya ngama na kubeba tenga la samaki begani. Afikapo makamo huanza kuachiwa kazi zitakazo maarifa kuliko mabega. Na akiwa shaibu, mikono imekwisha kukonda, hushika usukani au hukaa pwani akishona nyavu, na neno lake juu ya upepo na miamba lina uzito kupita nguvu za vijana wote waliomo. Mwili wake umepungua, cheo chake kimezidi, wala hakuna amchekaye.

Nimeanza na chombo kwa kuwa nataka kunena juu ya watu walionyimwa daraja hiyo. Hao ni watunisha misuli wa makamo: wanaume, na wanawake pia ingawa wachache, walioingia jimuni wangali vijana wabichi, zama ambazo vyuma vya mitaani kwetu vilikuwa makopo ya rangi yaliyomiminwa saruji na kuunganishwa kwa bomba, au ekseli ya gari bovu pamoja na magurudumu yake, wakajenga kwa jasho lao vifua na mapaja ambayo mtaa mzima uliyaonea fahari. Wengine walipanda jukwaani Dar es Salaam, Unguja, Mombasa, Nairobi au Kampala. Wengi hawakupanda, lakini mwili ndio uliowapa riziki, wakawa mabaunsa wa kumbi za starehe, walinzi wa matajiri, walimu wa mazoezi. Leo wana miaka arobaini na mitano, hamsini, hamsini na mitano. Magoti yanalia, bega moja halipandi, na tabibu amekwisha kutaja shinikizo la damu. Na wale miongoni mwao waliotumia dawa za kujaza misuli wamefikiwa na swali ambalo hirimu zao wasiotumia hawanalo, nalo ni hili: niache, na nikiacha nitakuwa nani?

Jawabu langu ni kwamba waache dawa, wapunguze chuma, na sisi tuliowasifu kwa ukubwa tuwape heshima iliyo kubwa kuliko ile ya kwanza. Kwa maana nina yakini kwamba kinachowafunga wengi katika sindano si kutojua madhara yake, bali ni sifa zetu.

Dawa zenyewe hazikuzaliwa kwa shari. Mwaka 1935 homoni ya kiume iitwayo testosteroni ilitengenezwa maabarani, na wanakemia Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka, walioifanyia kazi hiyo kila mmoja kwa upande wake, wakagawana Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1939. Mwaka 1958 kampuni ya Ciba ikaleta sokoni tembe za Dianabol za kujaza misuli, na tabibu mmoja wa Marekani, John Ziegler, akawapa wanyanyua vyuma wa taifa lake kwa tamaa ya kuwashinda Warusi. Alipowaona wakimeza kupita kiasi alichowaagiza, akaingiwa na majuto ambayo hakuyaficha mpaka alipofariki mwaka 1983. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilizipiga marufuku dawa za namna hii mwaka 1975, na mwaka 1988 dunia yote ikamwona mkimbiaji Ben Johnson akivuliwa medali ya dhahabu mjini Seoul. Lakini katazo la viwanjani halikupata kuingia jimuni, ambako hakuna apimwaye mkojo wala aulizwaye.

Madhara yaliyokuwa yakinong'onwa sasa yamehesabiwa. Mwaka 1992 alikufa mtunisha misuli Mohammed Benaziza na mwaka 1996 akafa mwenzake Andreas Münzer aliyekuwa na miaka 31, na watu walidhani hizo ni ajali za pekee. Mwaka 2017 matabibu wa Boston waliwapima wanaume 140 wenye uzoefu wa kunyanyua vyuma, wa umri wa miaka 34 hadi 54, 86 kati yao wakiwa wametumia dawa hizi, ziitwazo steroidi, kwa miaka isiyopungua miwili na 54 wakiwa hawajazitumia: wasiotumia, moyo wao ulisukuma kwa kila pigo wastani wa asilimia 63 ya damu iliyomo katika chumba chake kikuu, waliotumia, asilimia 52, na mishipa iulishayo moyo ilikuwa imeziba zaidi kwa kadiri ya miaka ya matumizi. Huko Denmark, wanaume 545 walionaswa wakitumia dawa hizi majimuni walilinganishwa na wenzao wa umri mmoja, ikaonekana mwaka 2019 kwamba vifo vyao vilikuwa mara tatu. Na mwaka 2025 wataalamu wa Padova, Italia, walifuatilia majina ya watunisha misuli 20,286 waliopanda jukwaani kati ya 2005 na 2020, wakapata vifo 121, na wastani wa umri wa waliokufa ulikuwa miaka 45. Waliofanya mchezo huu kuwa kazi ya kudumu walikufa kwa moyo kusimama ghafla zaidi ya mara tano kuliko waliocheza kwa mapenzi tu.

Njia ya madhara hayo si muamma. Homoni ikizidi, chembe nyekundu huongezeka na damu huwa nzito, lehemu njema isafishayo mishipa hupungua, ile mbaya ikapanda, shinikizo hupanda, kuta za moyo hunenepa, kwa kuwa moyo nao ni musuli na dawa haichagui musuli wa kujaza. Tembe huliumiza ini, na dawa za kukausha maji mwilini siku za mashindano huzionea figo. Mtu wa miaka ishirini na mitano huyabeba haya asiyahisi. Wa hamsini huletewa hesabu yake yote kwa pamoja.

Insafu yanilazimu kusema kwamba si kila ugonjwa wa mtu mkubwa watokana na dawa. Arnold Schwarzenegger, aliyezaliwa mwaka 1947 na aliyekiri wazi kwamba alitumia steroidi, amefanyiwa upasuaji wa moyo mara kadhaa tangu mwaka 1997, lakini ila ya vali zake alizaliwa nayo. Ronnie Coleman, polisi wa Texas aliyetwaa taji la watunisha misuli liitwalo Mr. Olympia mara nane kati ya 1998 na 2005, leo hutembea kwa magongo baada ya kupasuliwa mgongo na nyonga mara nyingi, na sababu aitajayo mwenyewe ni uzito wa ratili mamia kwa mamia aliokuwa akiuinua hali ameumia. Basi kuna makosa mawili tofauti, la dawa na la chuma kizito, na mtu wa makamo anapaswa kujihukumu kwa yote mawili.

Mfano nipendao zaidi ni wa Dorian Yates wa Birmingham, bingwa wa Mr. Olympia mara sita mfululizo kuanzia 1992 hadi 1997, ambaye alistaafu baada ya misuli ya mikono kuchanika, akazungumza bila kificho juu ya dawa alizotumia, na akageukia yoga, kunyoosha viungo na baiskeli. Amekonda kuliko alivyokuwa. Anatazamika, anatembea, anasema maneno yenye faida. Lakini Yates alikuwa na jina na mali kabla ya kupungua, na aliye bingwa wa dunia hata akinywea hubaki bingwa. Baunsa wa Temeke au Kisauni hana akiba hiyo.

Na hapa ndipo shida ya kwetu ilipo, nami naomba msomaji anivumilie nikae juu yake kidogo, maana katika maandishi ya matabibu wa Ulaya na Marekani haiandikwi. Pwani yetu na bara yake, tangu miaka ya themanini, mtu mzima akikonda ghafla watu hawasemi kwamba amepunguza mazoezi. Humtazama shavu na shingo, hutazamana, na mtaa huanza kutaja UKIMWI nyuma ya mgongo wake. Mtu aliyekuwa miraba minne, aliyejaza mlango akiingia, akirudi barazani baada ya miezi sita pungufu ya kilo kumi na tano, salamu ya kwanza ni, “Kaka, mbona umekwisha hivyo? Unaumwa nini?” Akijibu kwamba haumwi, haaminiki. Mwajiri wake wa ukumbini humwangalia mikono na kuanza kutafuta mwingine. Mkewe huulizwa kisimani na sokoni. Nimewasikia wanaume wenye akili timamu na watoto wakubwa wakisema kwamba afadhali moyo ubebe mzigo wa dawa kuliko wao wabebe macho ya watu, na wakarudi kwenye sindano kwa sababu hiyo peke yake.

Mwili nao huwasaliti wakati uo huo. Homoni iliyotoka nje kwa miaka mingi huwa imezilaza tezi za mtu mwenyewe. Sindano ikikoma, tezi haziamki siku ya pili, bali huchukua miezi, pengine mwaka na zaidi, na kwa baadhi hazirudi kamili. Katika muda huo mtu huwa mchovu, usingizi humpotea, haja ya mke hutoweka, na huzuni humwingia ambayo haina jina kwake, kwani hajawahi kuambiwa kwamba itakuja. Aliye peke yake katika giza hilo, huku mtaa ukimwita maiti anayetembea, atawezaje kusubiri? Kurudi kwake si udhaifu wa tabia. Ni maumivu yenye dawa ya karibu.

Kwa hiyo asiache kwa siri. Amwendee tabibu na kumwambia kila alichotumia, jina, kiasi na miaka, pasipo kuficha. Apimwe shinikizo la damu, wingi wa damu, lehemu, ini na figo, na moyo upigwe picha ya mawimbi ya sauti. Tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, na hospitali ya Muhimbili imekuwa ikipandikiza figo tangu 2017, mambo ambayo baba zetu waliyafuata India. Mtu wa Mafia ana bahari ya kuvuka mpaka Nyamisati na barabara ndefu baada yake, najua. Ndiyo sababu vipimo vya mwanzo vinavyoweza kufanyika Kilindoni visidharauliwe. Na kwa matabibu na wauguzi nina ombi moja kwa taadhima: mtu huyu akija, msianze na hotuba. Amekwisha kujihukumu njiani. Mkimwaibisha atakwenda kwa yule amuuziaye chupa zisizo na lebo ya kuaminika, na huyo humkaribisha kwa tabasamu.

Wala kuacha dawa si kuacha chuma, na jambo hili lazima lisemwe kwa sauti kubwa kwa kuwa wengi hudhani milango yote miwili hufungwa pamoja. Mwaka 1990 huko Marekani, wazee dhaifu kumi wa nyumba ya kutunzia wazee, wa umri wa miaka 86 hadi 96, waliwekwa katika mazoezi ya uzito kwa majuma manane, na nguvu za miguu yao zikapanda kwa wastani wa asilimia 174. Shirika la Afya Duniani huwataka watu wazima wote wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa juma. Ikiwa ajuza wa miaka tisini anafaidika, mtu wa hamsini aliyezoea chuma tangu ujana ana hazina ambayo hirimu zake wameikosa: anajua kuinua, anajua kula, anajua kushika wakati. Apunguze uzito, aongeze marudio, atembee, apumzike kwa kutosha. Mwili ni amana, na amana huangaliwa hata inapochakaa.

Liko neno kwa viongozi wa mchezo pia. Wamebuni mashindano ya wakongwe waliovuka miaka arobaini, na nia ni njema, lakini madhali majaji wanatafuta ukubwa na ukavu uleule wanaoutafuta kwa vijana, mashindano hayo humwita mtu wa makamo arudi katika kile alichokuwa akijaribu kukiacha. Afadhali wangempa ualimu wenye cheti, kiti cha ujaji, na sauti katika chama. Maana mkongwe asiye na cheo jimuni anabakiwa na elimu moja tu ambayo vijana huja kumwomba, nayo ni ya sindano: ipi ianze, ipi ifuate, nani anauza. Elimu hiyo ndiyo inayorithishwa sasa hivi, kwenye mabenchi ya jimu zetu, na watu wasio waovu hata kidogo, ambao hawakupewa kitu kingine cha kurithisha. Vijana wa pwani wanamsikia Mamdouh Elssbiay, mvuvi wa Kafr el-Sheikh nchini Misri aliyekwenda Kuwait na kurudi na taji la Mr. Olympia mwaka 2020 na 2021, na kila mmoja anaona Ghuba imemfungulia mlango. Watahitaji mtu mzima wa kuwaeleza, kwa mwili wake mwenyewe, miaka ya baada ya taji.

Kuna hatua ambayo haingojei baraza wala sheria. Kipimo cha shinikizo la damu aghalabu hugharimu chini ya kopo moja la unga wa protini, na majimu yanayouza unga huo ni mengi. Basi kila mwenye jimu anunue kimoja, akiweke mezani karibu na daftari la ada, amkabidhi mkongwe aliyeacha dawa, na kijana asiguse chuma kabla ya kunyoosha mkono wake kwa mtu huyo.