Dawa ya sisimizi isiyo na lebo ni hatari kwa nyumba nzima

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu alinifikia asubuhi moja, mswaki ungali mdomoni. Kuku wanne walikuwa wamelala chali juu ya ukoka wa mbele ya nyumba, na mbwa wetu alikuwa amejikunyata ukutani akitetemeka, mate yakimtoka kama povu la sabuni. Kabla ya saa nne alikuwa amekufa. Mtoto wetu wa mwisho, ambaye wakati ule alikuwa bado anatambaa, alisalimika kwa sababu moja tu: asubuhi ile kulikuwa na baridi na mama yake hakumtoa nje.

Sikuhitaji mpelelezi. Jioni ya jana yake nilikuwa nimemwaga kwenye ukoka ule unga niliounua sokoni ukiwa umefungwa katika kipande cha nailoni. Sisimizi walikuwa wametoboa uwanja mzima, wakiwauma watoto miguuni na kuingia hadi jikoni. Muuzaji alinihakikishia: "Mwalimu, hii ndiyo kiboko yao. Mwaga jioni, asubuhi ufagie." Sikumwuliza dawa inaitwaje. Naye, nadhani, hakujua, kwa kuwa alikuwa ameinunua kwa mtu mwingine, aliyeigawa kutoka mfuko mkubwa uliovuka mpaka.

Ni aibu kwa mwalimu kukiri jambo kama hili gazetini. Lakini tangu siku ile nimewasikia majirani wengi wakisimulia kisa kinachofanana na changu, kila mmoja akidhani ni bahati mbaya yake peke yake. Hoja yangu leo ni kwamba si bahati mbaya. Ni desturi tuliyoizoea ya kununua na kuuza sumu isiyo na jina, na sisi watu wa mpakani tunaweza kuikomesha.

Tuanze na sumu yenyewe. Dawa nyingi zinazouzwa kwa vipimo vya kijiko hazikutengenezwa kwa ajili ya uwanja wa nyumba, bali kwa mashamba ya mahindi, migomba, pamba au mboga. Baadhi yake, kama kabofurani, hutengenezwa pia kwa chembechembe. Kuku anayedonoa ukokani huzidhania nafaka au changarawe, na chembe chache tu zinatosha kumuua ndege. Mbwa hukanyaga, kisha hulamba miguu yake. Paka hujilamba mwili mzima. Mtoto anayetambaa hutia vidole mdomoni. Sisimizi, aliyekusudiwa, mara nyingi ndiye anayepona, kwa sababu malkia wake yuko chini ya ardhi ambako unga ule haufiki, na baada ya siku chache kundi lake hutokea upande wa pili wa ukoka.

Dunia haijalala kuhusu sumu hizi. Aldrini na dieldrini, zilizotumika miaka mingi dhidi ya mchwa na wadudu wa udongoni, zilikuwa miongoni mwa kemikali 12 za kwanza zilizolengwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Kabofurani nayo iliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya Mkataba wa Rotterdam, unaotaka nchi ijulishwe na itoe uamuzi wake kabla ya kuletewa kemikali ya hatari. Lakini mkataba husoma jina la kemikali. Unga uliofungwa kwenye nailoni hauna jina, na kwa hiyo hakuna mkataba, ofisa wala mnunuzi anayeweza kuutambua.

Kitu cha kwanza kinachotupwa dawa inapogawanywa ni lebo, na lebo ndiyo yenye thamani kuliko vyote. Chini ya chupa au pakiti halali ya dawa ya wadudu huwa kuna mkanda wa rangi. Mwekundu maana yake ni sumu kali sana. Wa njano maana yake ina madhara na inahitaji uangalifu mkubwa. Wa buluu maana yake hatari imepungua, lakini tahadhari bado inatakiwa. Wa kijani maana yake haielekei kuleta madhara makubwa ikitumiwa kama ilivyoelekezwa. Hata asiyejua kusoma anaweza kuitambua rangi. Dawa ikishahamishiwa kwenye chupa ya soda, mwekundu na kijani huwa kitu kimoja.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumza na ndugu zangu waliorudi. Sisi tuliozaliwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, watoto wa wakimbizi wa mwaka 1972, tulisoma katika shule za msingi za Tanzania, na Kiswahili ndicho kilichotufungua macho. Tuliporudi huku Nyanza-Lac, Rumonge na Mabanda, wapo waliotucheka kwa Kirundi chetu chenye lafudhi ya ng'ambo. Basi leo Kiswahili hicho kina kazi. Dawa nyingi zinazoingia kupitia Manyovu na Mugina, au kwa mitumbwi kutoka Kagunga, zimeandikwa Kiswahili na Kiingereza. Jirani yangu aliyebaki nchini anasoma Kirundi, pengine na Kifaransa kidogo. Akishika pakiti ile ni kama ameshika jiwe. Ni wajibu wetu kumsomea: dawa hii ni ya nini, inachanganywa vipi, mifugo ikae mbali kwa muda gani. Kumsomea jirani lebo hakugharimu hata faranga moja.

Najua wafanyabiashara watanijibu. Watasema, "Mwalimu, mteja wetu hana fedha za kununua chupa nzima. Tukigawa tunamsaidia maskini." Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Mimi mwenyewe nilinunua kijiko kwa sababu hiyo hiyo. Lakini tupige hesabu. Kuku wanne waliokufa kwangu walikuwa wanataga, na mayai yao ndiyo yaliyokuwa yakinunua madaftari ya watoto. Thamani yao ilizidi kwa mbali bei ya pakiti nzima yenye lebo. Maskini ndiye hasa asiyeweza kumudu urahisi wa namna hii. Ikiwa chupa ni ghali, majirani watano wachange, wanunue moja, na mmoja anayejua kusoma aitunze na kuwapimia wenzake siku ya kutumia.

Zaidi ya hayo, kwa sisimizi wa ukokani mara nyingi dawa ya dukani haihitajiki kabisa. Kwanza tujiulize kama kweli wanatudhuru. Sisimizi hula mayai na watoto wa wadudu wengine, huwashambulia mchwa na huupitisha hewa udongo. Kundi lililo pembeni mwa uwanja lisilomuuma mtu liachwe. Tushughulike na lile la mlangoni, bandani na mahali watoto wanapochezea.

Njia ya kwanza ni maji yanayochemka. Asubuhi, jua likianza kupasha ardhi, sisimizi wengi huwa karibu na juu pamoja na watoto wao. Fungia kuku, mfunge mbwa mbali, waondoe watoto, kisha mimina sufuria zima polepole katika tundu. Rudia baada ya siku mbili au tatu, kwa kuwa mara moja haitoshi. Ukoka utaungua pale maji yalipomwagika, lakini utaota tena, na siku ya pili hakuna sumu iliyobaki ya kumdhuru kuku.

Njia ya pili ni maji ya sabuni. Sisimizi hufuatana kwa harufu inayoachwa na wenzao waliotangulia. Ukiosha njia yao kwa sabuni, mlangoni na ukutani, unafuta barabara yenyewe. Mabaki ya ugali na pumba za kuku yasilale nje, na miti yenye vidukari ikatwe matawi yanayogusa nyumba, kwa sababu sisimizi hufuata utamu unaotolewa na wadudu hao.

Njia ya tatu ni chambo. Kijiko kidogo kimoja cha asidi ya boriki hukorogwa katika nusu lita ya maji yenye vijiko vikubwa vinne vya sukari. Sisimizi hawafi papo hapo. Hubeba utamu ule hadi kwa malkia, na ndiyo siri yake. Kazi huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Loweka pamba, iweke ndani ya kopo lenye kifuniko, toboa matundu madogo kwa msumari, kisha lifunge au uliwekee jiwe zito ili mbwa asilifungue. Nasisitiza kopo, kwa sababu chambo hicho nacho ni sumu kwa mbwa au mtoto akikinywa. Liandike jina lake, ili nasi tusitende kosa lile lile tunalowakanya wengine.

Kwa banda la sungura au vifaranga, weka miguu yake ndani ya makopo yenye maji ya sabuni, au zungushia majivu makavu na uyabadilishe yakilowa. Siafu nao wasimwagiwe dawa. Wao ni wasafiri, hawajengi makao ya kudumu kama sisimizi wa ukokani. Wakivamia, mfungulie mbuzi aliyefungwa, hamisha kuku na vifaranga, waachie njia. Wakiondoka utakuta wamekula hata mende wa jikoni.

Wapo wanaomwaga mafuta ya taa, petroli au oili chafu. Hiyo ni kuhamisha tatizo. Ukoka hufa, udongo huchafuka, kisima huharibika, mbwa hulamba, na cheche moja inatosha kuleta msiba mwingine.

Anayelazimika kutumia dawa ya kiwandani achague iliyoandikwa kuwa ni ya wadudu wa nyumbani, yenye mkanda wa kijani au wa buluu, ndani ya pakiti yake ya asili. Wanyama wasirudi mpaka muda ulioandikwa upite na ukoka ukauke. Dawa zitokanazo na pareto, ua linalolimwa Rwanda, Kenya na kusini mwa Tanzania, huharibika upesi juani, lakini ni sumu kwa samaki. Bomba lisioshwe mtoni wala ziwani, maana ndagala wetu watalipa. Na wenye paka wajihadhari na pemethrini, kwa kuwa mwili wa paka hauwezi kuivunja kama ule wa mbwa.

Ikitokea ajali, dalili za sumu nyingi za mashambani ni mate mengi, machozi, kutapika, kuhara, mboni za macho kuwa ndogo, kutetemeka na kuhema kwa shida. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, mwoshe mnyama kwa maji na sabuni, mkimbize kwa daktari wa mifugo. Usimnyweshe maziwa wala mafuta kwa nguvu, na usimtapishe. Ikiwa ni mtoto, nenda kituo cha afya mara moja. Popote uendapo, beba pakiti ya dawa. Kwa baadhi ya sumu ipo tiba, kama atropini, lakini daktari anahitaji kujua anapambana na nini. Siku ile daktari wa mifugo aliniuliza swali moja tu: "Ulitumia dawa gani?" Nikamwonyesha kipande cha nailoni.

Jambo jingine, gumu kulisema mahali ambapo nyama haipatikani kila siku: kuku aliyekufa kwa sumu haliwi. Kumchemsha sana hakumfanyi awe salama. Afukiwe shimo refu, mbali na kisima na mbali na mbwa.

Kwa wafanyabiashara wenzetu wa mpakani ninaomba jambo moja. Mnavusha unga wa mahindi, mafuta ya mawese, vitenge na sabuni, na nchi mbili zinawategemea. Dawa ya wadudu ivukeni ikiwa katika pakiti yake, na iuzeni ikiwa katika pakiti yake. Anayewaletea iliyogawanywa mwambieni arudi nayo. Mteja aliyefiwa na kuku kwa dawa yako harudi dukani kwako, na jirani yake harudi pia.

Kwa viongozi wa tarafa, watumeni wataalamu wa kilimo na mifugo sokoni siku ya soko, hata kwa saa moja, wawaonyeshe watu zile rangi nne. Sisi walimu tutawaonyesha watoto darasani, nao watazipeleka nyumbani.

Mimi siku hizi nina kuku tena, na sisimizi bado wapo pembeni mwa uwanja, karibu na mwembe. Hawajamuuma mtu, nami nimewaacha. Wale wa mlangoni waliondoka kwa sufuria tatu za maji ya moto, kwa gharama ya kuni tu. Laiti ningalijua hivyo kabla ya kwenda sokoni.