Noeli ya Ugenini



Mama mmoja wa parokia yetu, aishiye Uswidi, ametuuliza afanyeje ili wanawe waijue Noeli ya Tanga, ilhali huko jua huzama saa tisa alasiri. Joto la kaskazi na matembezi ya Raskazone hatuwezi kumpelekea.

Tulimkumbusha Wapolandi. Tangu mwaka 1942 wakimbizi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliotoka katika uhamisho wa Siberia kwa njia ya Uajemi, walihifadhiwa Tengeru, karibu na Arusha. Desturi ya taifa lao, mkesha wa Noeli, ni kumegeana mkate mwembamba mfano wa hostia, na kuacha nafasi moja mezani kwa mgeni asiyetazamiwa. Desturi hiyo haihitaji theluji.

Nasi tunayo ya kwetu: sahani ya pilau iliyofunikwa kawa, ambayo mtoto hutumwa kuipeleka kwa jirani Mwislamu; na Idi ikifika, sahani hurudi imejaa. Kwa maoni yetu, hiyo humfundisha mtoto Noeli kuliko nguo mpya, ambazo wazazi wa ughaibuni (na wa hapa pia, tusijidanganye) huzihangaikia mno. Basi tulimshauri apike, afunike, amtume mtoto mlango wa pili.

Alijibu kwamba miaka minne sasa hawajasemezana na jirani huyo, hata jina hawalijui. Tukamwandikia: aende yeye kwanza akabishe hodi, pilau itafuata.