Daftari la Mashairi ya Dandora

Majuzi, nikiwa kwa kinyozi hapa Kangemi, nilimsikia kijana mmoja akifoka kwa Sheng bila kituo huku mwenzake akimpigia mdundo kwa kiganja juu ya kiti. Nilipomuuliza kama awajua Kalamashaka, alinitazama kana kwamba nimemuuliza habari za babu wa babu yake. Sikumlaumu. Tumempa wapi nafasi ya kuwajua?

Mimi nililelewa na sauti hizo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, ndani ya matatu za Waiyaki Way, ndimo nilimousikia kwa mara ya kwanza wimbo "Tafsiri Hii" wa Kamaa, Johnny Vigeti na Oteraw, vijana watatu wa Dandora, upande wa pili wa jiji. Hawakuwa wa kwanza. Huko Tanzania, Saleh J alikwisha kufoka kwa Kiswahili mwaka wa 1991. Hapa kwetu Hardstone aliimba "Uhiki" akichanganya Kikuyu na Kiingereza, naye Poxi Presha akafoka kwa Kidholuo. Lakini wengi wa rika lao waliwaiga Wamarekani hata kikohozi.

Wapo wanaodai kwamba Kalamashaka waliyapachika tu maneno yetu katika mdundo wa kigeni. La hasha! Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na neno lake humalizika kwa irabu. Kiingereza kina maneno tele yanayokomea pale pale penye mkazo, na ufokaji wa New York ulishonwa kwa kipimo hicho. Mshairi wetu wa jadi hutosheka na silabi moja ya mwisho kuwa kina: "shaka" na "fika" kwake ni ndugu. Juu ya ngoma kina hicho hupwaya, kwa kuwa pigo huangukia silabi iliyotangulia. Hivyo mfokaji hana budi kuoanisha silabi mbili au zaidi, "mashaka" kwa "mipaka" na "haraka", kisha kuvitawanya vina hivyo hata katikati ya mshororo. Sheng nayo ikamkopesha maneno mafupi kama "doo", yanayotua sawia na ngoma. Hiyo ni bahari mpya ya ushairi, na hakuna chuo kilichoifundisha.

Waliofuata walikuta njia imefyekwa. E-Sir, aliyefariki mwaka wa 2003 akiwa angali kijana mbichi, aliulainisha ufokaji; Jua Cali akaupunguza mwendo hadi ukafanana na mazungumzo ya barazani, ndio mtindo wa genge. Gengetone, iliyovuma kuanzia 2018, imerudisha kibwagizo cha wengi, pamoja na matusi ambayo siyatetei.

Sasa nieleze kinachoniuma. Nikiwa shule ya upili niliyanakili mashairi hayo kutoka kwenye kaseti, nikirudisha utepe nyuma kwa kalamu, hadi daftari likajaa. Mwalimu wangu wa Kiswahili alilichana mbele ya darasa, akisema Sheng itaniangusha mtihani. Alinitakia mema. Lakini kaseti nayo ililiwa na redio, na baadhi ya mishororo siikumbuki tena.

Muyaka bin Haji naye alikuwa mtu wa mitaa ya Mombasa, mwenye kejeli na siasa za siku zake. Beti zake zilikaa vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua na Taylor walipozikusanya, na diwani ikachapishwa mwaka wa 1940, yapata miaka mia baada ya kifo chake. Leo twawatahini wanafunzi kwa beti hizo hizo.

Idara zetu za Kiswahili hazikosi wanafunzi wanaohangaika kutafuta mada za tasnifu. Albamu "Ni Wakati" ya mwaka wa 2001 ipo. Mashahidi wa enzi ile wapo, nao waweza kuulizwa neno fulani lilimaanisha nini wakati huo, kwani msamiati wa Sheng huchakaa upesi kuliko viatu. Nimekwisha kupatana na yule kijana wa kwa kinyozi: Jumamosi ataleta simu yenye nyimbo, nami nitaleta daftari jipya.