Jiwe la Kizimkazi na Sanduku la Bibi



Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu miongoni mwa kazi za nyumbani, nalo ni kutunza kumbukumbu za ukoo. Tunajua kutunza unga, akiba na nguo za watoto. Lakini habari za waliotuzaa tunaziacha zikae kichwani mwa bibi, na siku bibi akizikwa, nazo zimezikwa.

Ili tuelewane vizuri, twende kwanza Kizimkazi, kijiji cha wavuvi kusini mwa kisiwa cha Unguja. Wageni wengi huenda huko kutazama pomboo baharini. Lakini pale Kizimkazi Dimbani pana msikiti ambao ukiutazama kwa nje, na paa lake la mabati, huwezi kudhani kuwa una jambo kubwa. Ndani, penye mihirabu, kuna maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe. Yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 kwa kalenda tunayoitumia. Jengo lilijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yale hayakutupwa. Mwaka 1922 mtaalamu Samuel Flury alichapisha uchunguzi wake juu yake, na leo yanahesabiwa miongoni mwa maandishi ya kale zaidi yenye tarehe katika pwani yetu yote.

Wazee wa huko wana masimulizi yao pia. Wanasimulia juu ya mfalme Kizi na fundi wake Kazi, na jinsi mfalme alivyoomba wakati maadui walipovamia, wakatokea nyuki wakawafukuza. Jina lililochongwa kwenye jiwe ni la mtu mwingine, Musa bin Hassan. Kizi na Kazi wamehifadhiwa midomoni mwa watu. Basi mnaona, ndugu zetu, kwamba kuna ghala mbili za kumbukumbu: jiwe na ulimi. Jiwe hukaa muda mrefu lakini husema machache. Ulimi husema mengi, lakini haukai.

Na katika hayo yote, mama hatajwi. Ni nani aliyewapikia mafundi wale? Hatuna jina hata moja. Hata leo wanawake wa kusini Unguja hufukia makumbi ya nazi ufukweni, wakayafukua baada ya miezi, wakayaponda na kusokota kamba za usumba. Ni elimu ya mikono, mama humfundisha binti. Binti akienda kufanya kazi hotelini, asipoiandika mtu, itatoweka bila hata kusikika kishindo.

Mjini Unguja wako wanaofanya kazi ya kutunza. Jumba la makumbusho la Beit el Amani lilifunguliwa mwaka 1925. Nyaraka za Taifa ziko Kilimani, na humo mna barua, kumbukumbu za serikali zilizopita na miswada ya kale. Mwaka 2003 UNESCO iliingiza mkusanyo wake wa miswada na vitabu vya Kiarabu katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia. Hata hivyo nyumba za kutunzia nazo zina ajali zake. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na ambalo lilikuwa makumbusho, iliporomoka na watu wawili wakafa. Kwa hiyo kitu cha thamani kisikae mahali pamoja tu bila nakala.

Tena ni vizuri tujue kwamba wanyonge nao waliwahi kuandika. Watoto waliokombolewa utumwani na kusomeshwa katika shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, waliandika habari za makwao na jinsi walivyotekwa. A. C. Madan alizitafsiri kwa Kiingereza na zikatoka kitabuni mwaka 1887. Binti Sultani Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye akaitwa Emily Ruete, aliandika maisha yake ili watoto wake wayajue, na kitabu chake kikatoka mwaka 1886. Yeye alikuwa mama akiwafikiria wanawe ugenini. Nia kama hiyo kila mmoja wetu anaweza kuwa nayo.

Sasa tufanye nini? Tunashauri haya:

1. Kaa na mzee wakati ametulia, si siku ya shughuli. Muulize jina la mama yake na la bibi yake, alizaliwa wapi, mkunga alikuwa nani, shamba lao liliitwaje. Ukiwa na simu, mrekodi kwa ruhusa yake, kisha uandike kwenye daftari.

2. Picha za zamani ziandike nyuma kwa penseli laini: nani, wapi, mwaka gani. Kalamu ya wino hupenya na kuharibu.

3. Barua, vyeti na hati za shamba viweke ndani ya bahasha safi, mahali pakavu, mbali na mchwa na unyevu wa pwani. Mjane mwenye hati ya shamba ana la kusema mirathi inapogombewa. Asiye nayo hutegemea huruma ya wengine.

4. Mgeni akiomba kuchukua picha au barua kwa ajili ya utafiti, mwache apige nakala hapo hapo. Ukipenda kuzitoa makumbusho au kwenye nyaraka, fanya hivyo kwa maandishi, ukoo wote ukijua.

5. Ziko habari zinazouma: utumwa, Mapinduzi ya mwaka 1964, ndoa zilizovunjika. Mzee asilazimishwe. Akisema, andika alivyosema, usiongeze chumvi wala usifiche kwa aibu.

Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo hakusahau kumtajia Loisi bibi yake na Eunike mama yake. Wanawake wale hawakujenga mnara, lakini majina yao tunayo mpaka leo kwa sababu mtu mmoja aliona yanafaa kuandikwa katika barua.

Basi akina mama, kabla mwezi huu haujaisha, nunueni daftari moja. Ukurasa wa kwanza andika jina la mama yako, na chini yake jina la mama yake. Ukikwama hapo, usikate tamaa. Panda gari uende kwa shangazi, angali hai.